Kama Genoa ingeshinda Chioggia, je, Kilwa ingepona?

"Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya ya historia mbadala kuhusu vita vya Venice na Genoa vya mwaka 1378 hadi 1381. Kwangu vinaisha kinyume: Genoa inazamisha merikebu zote za Venice, inauteketeza mji wenyewe, na inabaki mtawala pekee wa biashara ya Mediterania. Kwa sababu hiyo Wareno hawaoni haja ya kuizunguka Afrika, na mwaka 1505 Kilwa haichomwi moto. Nimefika ukurasa wa 140. Nilimpa rafiki yangu anayefundisha sekondari asome, akaniambia historia haina 'laiti' na kwamba kazi yote ni porojo. Tangu hapo sijashika kalamu. Je, niitupe? Na kama Genoa ilikuwa na nguvu kiasi kile, ilishindwaje? Kwenye mapigano nimeweka watumwa waliofungwa minyororo kwenye makasia, mizinga inayozamisha meli, na kundi la merikebu linalosubiri baharini miezi mitatu bila kugusa nchi kavu. Niambie ukweli hata kama utauma."

Marahaba, mwanangu. Usiitupe. Kurasa 140 hazitupwi kwa sababu ya sentensi moja ya rafiki, hata akiwa rafiki mwema. Ila ukimaliza kunisoma, nadhani utakata kama theluthi ya ulichoandika, na sura ya mwisho utaiandika upya kabisa.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Naona kinachokukosesha usingizi si Venice wala Genoa, ni Kilwa. Umekwenda mbali, kwenye bahari ya watu wengine, kutafuta mahali pa kugeuza usukani ili merikebu za Ureno zisifike kwetu. Hamu hiyo naielewa. Nami nimekaa kwenye magofu ya Husuni Kubwa, kasri la kale la Kilwa, nikaangalia maji yaliyotulia chini yake, nikajiuliza hilohilo. Kwa hiyo nitaanza na Chioggia, mji ambako vita vyako viliamuliwa, halafu tutarudi Kilwa.

Rafiki yako amefanya vyema kukutahadharisha, lakini amekosea kukufungia mlango. Kila tunaposema jambo fulani lilisababisha jingine, laiti imo ndani yake. Ukiandika kwamba kufika kwa Carlo Zeno, jemadari wa Venice, tarehe 1 Januari 1380 kuliiokoa Venice, umeshadai kwamba asingefika, Venice ingepiga magoti. Mwanahistoria asiyeweza kuitamka laiti yake waziwazi bado hajajua anachodai. Tatizo la riwaya yako ni kwamba umegeuza mambo mengi mno kwa mpigo. Umegeuza matokeo ya vita, umeifanya laguna ya Venice, yale maji mafupi yanayouzunguka mji, kuwa bahari yenye kina, umeifanya Genoa kuwa himaya yenye neno moja, na Wareno umewafanya watu wasiotamani dhahabu. Msomaji anakubali kumezeshwa uongo mmoja. Ukimpa wa nne, anafunga kitabu.

Sasa vita vyenyewe. Miji hii miwili ilikuwa imepigana mara tatu tangu katikati ya karne ya 13. Ugomvi wa nne ulichochewa na kisiwa kidogo, Tenedos, kinachokaa kama bawabu mbele ya mlango wa Dardaneli, njia ya kwenda Konstantinopoli na Bahari Nyeusi. Mfalme wa Bizanti, John wa Tano, alikuwa amewaahidi Waveneti kisiwa hicho. Mwaka 1376 mwanawe Andronikos alimpindua kwa msaada wa Wagenoa, akawaahidi wao kisiwa kilekile. Walioishika ngome ya kisiwa wakakataa amri ya mtoto, wakawafungulia Waveneti. Kulikuwa pia na chuki ya Kupro, ambako Genoa iliunyakua mji wa Famagusta.

Mei 1378 jemadari wa Venice, Vettor Pisani, alishinda karibu na Anzio. Mei 1379 Wagenoa wakamvunja huko Pola. Kamanda wao Luciano Doria aliuawa palepale, lakini siku ilikuwa yao. Pisani akarudi nyumbani na merikebu chache, akatiwa gerezani. Tarehe 16 Agosti kamanda mpya wa Genoa, Pietro Doria, akisaidiwa upande wa bara na mtawala wa Padua, Francesco da Carrara, aliuteka mji wa Chioggia, ulio kilomita 25 hivi kusini mwa Venice, ndani ya laguna ileile. Mfalme wa Hungaria naye alikuwa upande wao. Venice ikawa imebanwa baharini na bara, ikaomba amani. Inasimuliwa kwamba Doria alijibu hakuna amani mpaka kwanza awatie hatamu farasi wa shaba wa Kanisa la Mtakatifu Marko. Huenda wasimulizi wameyatia chumvi maneno hayo. Lakini ni kweli amani ilikataliwa, na mji ukajua kwamba hauna pa kukimbilia.

Hapo ndipo unapouliza: mbona Genoa ikashindwa? Jibu liko kwenye maji, na kwanza maji ya kunywa.

Merikebu ya makasia ya wakati ule ilikuwa na urefu wa takriban mita 40 na upana wa mita 5 tu. Ni nyembamba kama mtumbwi wa mashindano uliokuzwa. Kila ubao ulikaliwa na wapiga makasia watatu, kila mmoja na kasia lake, na ukiwahesabu pande zote mbili walifika 150 au zaidi. Ongeza wapiga pinde, mabaharia wa tanga na maofisa, unapata watu kama 200 juu ya chombo kisicho na ghala. Mtu anayevuta kasia juani anahitaji lita 2 za maji kwa siku, na pengine zaidi. Piga hesabu mwenyewe: karibu lita 400 kila siku kwa merikebu moja, na mapipa yanakaa palepale ambapo watu wanalala, wanakula na kupigana. Hakuna kundi la merikebu kama hizo linaloweza kukaa baharini miezi mitatu bila kugusa nchi kavu. Baada ya siku chache lazima litafute kisima, mto, au bandari ya rafiki. Ndiyo maana watu waliuana kwa ajili ya kisiwa kidogo kama Tenedos. Mwenye ufuo wenye maji ndiye aliyekuwa na bahari. Ukikielewa hiki kimoja, vita vyote vya Mediterania vya zama zile vitakufungukia, na sura zako za katikati zitajiandika.

Wale watumwa wa minyororo waondoe. Huko Venice wafungwa waliohukumiwa kuvuta makasia walianza katikati ya karne ya 16. Mwaka 1379 aliyevuta kasia alikuwa mtu huru anayelipwa, mwenye silaha yake chini ya ubao, na aliruhusiwa kubeba bidhaa zake kidogo za kuuza bandarini. Na kuna habari nzuri zaidi ya minyororo yako. Baada ya Pola, Venice ilikuwa imepoteza mabaharia wake wengi. Mafundi wa mjini waliojua shoka na sindano wakafundishwa upya kuvuta makasia, wakienda na kurudi kwenye maji yaliyo kati ya Giudecca na Lido. Ebu waone: viganja vya fundi cherehani vimetoka malengelenge, aliyezoea kukaa ameinama sasa anavuta kwa mgongo wote, na jirani yake wa nyuma anamgonga kwa kasia kwa kukosa mwendo. Hapo una sura nzima, na ni ya kweli.

Mizinga nayo ilikuwepo, lakini haikuwa ya kuzamisha meli. Ilikuwa mizito, ikirusha mawe polepole, na iliwafaa watu waliokuwa wakibomoa kuta. Pietro Doria mwenyewe aliuawa Januari 1380 huko Brondolo, jengo lilipomwangukia baada ya kupigwa na jiwe la mzinga. Merikebu zilipokutana, vita vilikuwa vya mishale, chokaa, mikuki, na hatimaye kurukiana chombo kwa chombo.

Nije kwenye laguna, maana hapa ndipo mji wako unapoteketea bila sababu ya kutosha. Laguna ya Venice ina urefu wa kilomita 50 hivi, na sehemu kubwa ya maji yake ina kina cha mita moja au zaidi kidogo. Imekingwa na bahari kwa mikanda myembamba ya mchanga iliyokatwa na milango michache. Ndani yake mna mikondo ya kupita vyombo, iliyoonyeshwa kwa miti iliyopigiliwa kwenye tope. Adui alipokaribia, Waveneti waliing'oa miti hiyo. Basi. Laguna nzima ikawa uso mmoja wa maji ya kijivu, na asiyeijua hawezi kutofautisha mkondo na wangwa.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo sihitaji kukueleza maana ya kupwelewa. Kwetu bamvua hushusha maji mita 3 au 4. Kule maji hupanda na kushuka kama mita moja tu. Lakini mahali penye kina cha mita moja, mita moja ndiyo kila kitu. Unakumbuka habari za Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, jinsi watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walivyokimbilia vyombo vyao baada ya kushindwa na watu wa Lamu, wakavikuta vimelala mchangani? Doria aliliogopa hilo, na ndiyo sababu mojawapo ya kukaa Chioggia akisubiri njaa imfanyie kazi badala ya kukimbilia Venice mara moja. Wapo wanaomlaumu hadi leo kwa kusubiri. Mimi simlaumu sana. Mlango wa Lido ulikuwa umefungwa kwa minyororo na vyombo, na njia ya ndani ya laguna ilikuwa mtego. Mji wenyewe hauna ukuta wa kubomoa kwa sababu maji ndiyo ukuta wake. Kwa hiyo ukitaka Venice iteketee, mwambie msomaji jeshi lilifikaje pale. Mimi sijaiona njia.

Kilichotokea kilikuwa kinyume kabisa cha alichokitarajia Doria. Watu wa Venice walikataa kupanda merikebu mpaka Pisani atolewe gerezani, akatolewa. Doge, yaani mkuu wa dola ya Venice, Andrea Contarini, mzee wa zaidi ya miaka 70, akapanda merikebu mwenyewe. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Desemba 1379, wakavuta vyombo vikubwa vya zamani vilivyojazwa mawe hadi kwenye mikondo inayotoka Chioggia, wakavizamisha humo. Farumi, mawe ya kutuliza chombo, ya safari ya mwisho, ukipenda. Walirudia mlango mmoja baada ya mwingine, wakiongeza mawe na magogo huku wakipigwa mishale. Walipomaliza, merikebu za Genoa zilizokuwa zikiizingira Venice zilijikuta zimefungiwa ndani ya birika. Mzingiraji akawa mzingirwa.

Lakini Waveneti waliowafungia kutoka nje walikuwa hoi. Ni majira ya baridi, chakula ni kidogo, mafundi wageuzwa mabaharia wamechoka, na Wagenoa wanapambana kila siku kufungua njia. Kila mtu alikuwa akimngoja Carlo Zeno, aliyetumwa mashariki miezi mingi nyuma kuwinda meli za Genoa, bila yeyote kujua kwa uhakika alipo. Ilikuwa imeanza kusemwa kwamba asipoonekana mwanzoni mwa mwaka, watauacha mzingiro. Asubuhi ya tarehe 1 Januari tanga zikaonekana. Kwanza hawakujua ni za nani. Zilikuwa zake. Wagenoa waliomo Chioggia walivumilia hadi tarehe 24 Juni 1380, wakajisalimisha kwa njaa.

Hiyo ndiyo laiti yako, mwanangu, na imekaa mkononi mwako. Usizamishe merikebu zote za Venice. Mcheleweshe Zeno siku kumi. Katika Adria, bahari iliyo mbele ya Venice, huvuma upepo mkali kutoka kaskazini mashariki unaoitwa bora, na jina lake lisikudanganye. Chombo chembamba cha makasia hakiwezi kushindana nao wakati wa baridi. Siku kumi za upepo zinatosha. Hakuna mtu anayebadilika tabia, na hakuna muujiza. Njia nyingine ni kumwacha Pisani gerezani, nayo inawezekana, ila inakulazimisha uwafanye watu wa Venice wawe wapole kuliko walivyokuwa. Mimi ningechukua upepo.

Sasa tupime ushindi huo ungezaa nini. Genoa ilikuwa na mifano miwili nyuma yake, na riwaya yako lazima ichague mmoja. Mwaka 1284 iliivunja Pisa katika vita vya Meloria. Ilichukua mateka wengi hivi kwamba watu wakawa wanasema, ukitaka kuiona Pisa nenda Genoa. Miaka michache baadaye ikaiharibu bandari ya Pisa, na Pisa haikurudi tena kuwa dola ya bahari. Mwaka 1298 ikaivunja Venice yenyewe huko Curzola, ushindi mkubwa kabisa. Mwaka uliofuata amani ikafanywa na Venice ikaendelea na biashara kana kwamba imeugua homa ikapona. Kwa nini matokeo yalitofautiana hivyo? Pisa ilikuwa na bandari moja inayofikika na majirani wa bara waliokuwa wakisubiri ianguke. Venice ilikuwa na laguna, karakana kubwa ya serikali ya kuunda merikebu, na visiwa na vituo mpaka Krete.

Chioggia ingekuwa katikati ya hizo mbili. Kwa upande wa bara, Padua na Hungaria zilikuwa zimeikaba Venice kuliko mwaka 1298. Nadhani Zeno akichelewa, mzingiro unavunjika, watu wa Doria wanatoka, na ifikapo masika 1380 Venice inatia saini. Genoa inapata Tenedos na pengine fidia nzito. Padua inapata Chioggia pamoja na mashamba yake ya chumvi, na chumvi hiyo ilikuwa mshipa mkubwa wa mapato ya Venice, kwa hiyo usiipite haraka. Hungaria inapata kodi ya kila mwaka. Mji unabaki umesimama, una deni hadi shingoni.

Na hapa kuna jambo ambalo nataka ulikalie kabla ya kuandika tena. Mkataba uliofanywa Turin tarehe 8 Agosti 1381, baada ya Venice kushinda kweli, haukuwa mbali sana na huo niliokuchorea. Venice iliiacha Tenedos. Ngome yake ikabomolewa na wakazi wakahamishwa. Ilikubali kuilipa Hungaria dukati 7,000, sarafu za dhahabu, kila mwaka. Mji wa Treviso ilikuwa imeshampa mtawala wa Austria ili usimezwe na Padua. Mtu aliyeusoma mkataba bila kujua vita angedhani Venice ndiyo iliyoshindwa. Hata hivyo kufikia karne iliyofuata, Venice ilikuwa imekwishaipita Genoa kwa mbali.

Sababu haiko baharini. Venice ilikuwa dola iliyomiliki merikebu zake, ikakopa kutoka kwa raia wake kwa lazima, na ilipookoka ikawalipa waliojitoa: mwaka 1381 familia 30 mpya ziliingizwa kwenye Baraza Kuu, wakiwemo watu wa biashara za kawaida tu. Genoa ilikuwa na mabaharia hodari kuliko wote, lakini dola yake ilikuwa kama chombo chenye manahodha wanane. Kisiwa cha Chios hakikuwa cha serikali hasa. Kiliendeshwa na kampuni ya wenye hisa tangu 1346. Koo kubwa zilipinduana mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1396 Genoa ikajiweka yenyewe chini ya mfalme wa Ufaransa. Ushindi wa Chioggia usingewapatanisha. Ungewapa kitu kikubwa zaidi cha kugombania. Mfalme wa Hungaria naye alikufa mwaka 1382, na mwungano wote ulimtegemea yeye. Kwa hiyo ule utawala wa pekee wa Genoa juu ya Mediterania nzima, naomba uufute. Badala yake weka bahari yenye wachuuzi wengi: Wagenoa, Wakatalunya, Waveneti waliojeruhiwa, baadaye na Wafirenze, wote wakipanga foleni Iskandaria.

Tumefika Kilwa, na hapa ndipo ukweli unapouma.

Kwanza sahihisho dogo. Julai 1505 jemadari wa Ureno, Francisco de Almeida, aliiteka Kilwa, watu wake wakaipora na kujenga ngome. Mji uliochomwa moto ulikuwa Mombasa, mwezi uliofuata. Usiwachanganye hao wawili. Watu wa Mombasa hawatakusamehe.

La pili ni zito. Umedhani Wareno walizunguka Afrika kwa sababu Venice ilishika njia ya viungo, na kwamba Genoa ingewafungulia. Pilipili ya Iskandaria iliuzwa na masultani wa Wamamluki wa Misri kwa yeyote mwenye fedha na kwa masharti yao. Venice ikianguka, mnunuzi mmoja amepungua, muuzaji ni yuleyule. Na Wareno walitaka zaidi ya pilipili: walitaka dhahabu, walitaka vita na Waislamu wa Moroko, walitaka heshima. Waliiteka Ceuta mwaka 1415.

La tatu ndilo litakalokusumbua zaidi. Wagenoa walikuwa ndani ya safari hizo tangu mwanzo. Mwaka 1291 ndugu wawili wa Genoa, Ugolino na Vadino Vivaldi, walitoka na merikebu mbili kupitia Gibraltar wakitafuta njia ya bahari kwenda India, miaka 200 na zaidi kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi. Hawakurudi. Mwaka 1317 mfalme wa Ureno alimwajiri Mgenoa, Manuel Pessagno, awe mkuu wa merikebu zake, na akaja na manahodha wa kwao. Fedha na ujuzi wa Genoa ziliendelea kumiminika Ureno na Hispania. Columbus mwenyewe alizaliwa Genoa. Kwa hiyo Genoa yenye nguvu zaidi haiilindi Kilwa. Kama inabadilisha chochote, huenda inawaleta wageni mapema zaidi, na wakiwa na mtaji mkubwa zaidi.

Najua hili ndilo ulilokuwa umejenga juu yake. Pole. Lakini usilifiche, liweke wazi ndani ya riwaya. Una njia mbili, na zote nzuri. Ya kwanza: bakisha laiti ya Chioggia, acha Zeno achelewe, na mwishoni msomaji aone tanga za kigeni kwenye mlango wa Kilwa mwaka 1440 au 1450 badala ya 1505, zikiwa na mabaharia wa Kigenoa. Ni mwisho wa uchungu, ila unatoka moja kwa moja kwenye uliyoyasimulia. Ya pili: kama moyo wako unataka Kilwa ipone, hamisha laiti yako iingie Bahari ya Hindi. Mwaka 1508 merikebu za Wamamluki chini ya Amir Husayn ziliwashinda Wareno huko Chaul, pwani ya India, na mtoto wa Almeida akauawa. Februari 1509 zikashindwa Diu. Hapo pana mlango halisi wa laiti, na unaihusu pwani yetu moja kwa moja. Wareno wenyewe waliihama ngome ya Kilwa mwaka 1512 kwa sababu haikuwalipa. Hata kushindwa kidogo kungewaondoa mapema. Ila hiyo ni riwaya nyingine, na kurasa zako za Venice hazitaingia humo. Ningekuwa wewe, ningeandika ya kwanza, kwa sababu umeshawajua watu wake.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatakusaidia. Masimulizi ya watu walioviona vita hivi yako kwa Kiveneti na Kilatini. Kabla hujamwekea Doria au Pisani maneno mdomoni, nenda idara ya historia ya chuo kilicho karibu nawe, uombe kukaa saa moja na mhadhiri anayefundisha zama za kati za Ulaya. Wengi hufurahi kuulizwa. Nenda na ramani ya laguna, na maswali matano tu, yaliyoandikwa. Na kwa habari ya maji, usiniulize mimi wala mhadhiri. Mtafute nahodha mzee, Bagamoyo, Lamu au Kilwa Kisiwani kwenyewe. Mwombe akutoe kwenye hori wakati maji yanapoanza kutoka, siku ya bamvua, na umwambie asikusaidie kuuona mkondo. Kaa kwenye ngalawa uone unavyopotea. Ukirudi, iandike sura ya Agosti 1379 usiku huohuo.

Rafiki yako mpelekee rasimu mpya, pamoja na laiti yako imeandikwa kwa sentensi moja juu ya ukurasa wa kwanza. Kama ataipinga hiyo sentensi moja, mna mazungumzo ya kweli.

Umesema hujashika kalamu tangu siku ile. Basi usianze na Venice. Anza na Zeno, siku za mwisho za Desemba, amejibanza nyuma ya kisiwa kwenye pwani ya Dalmatia iliyo mikononi mwa Hungaria, mahali ambapo hawezi kuteka maji bila kupigana. Mapipa yanagongwa kwa ngumi kusikiliza kilichobaki. Wapiga makasia wamejifunika matanga. Bora inavuma, na kwenye hesabu yako itavuma siku kumi.